Habari Hii ni ya Lini?

Nimeishika kalamu kwa sababu ya ubishi ulioingia katika chumba cha tarakilishi mwaka huu, na ambao mpaka leo haujaisha. Ubishi wenyewe ni juu ya tarehe.

Wengi mwajua kwamba sisi wachache wa Kidato cha Tatu tulijitengenezea programu ya kusomea habari. Badala ya mtu kuzungukia tovuti kumi akitafuta jipya, programu huenda yenyewe, ikachukua mlisho wa kila tovuti, yaani lile faili linaloorodhesha habari zake, kisha ikazipanga zote pamoja. Iliyotangazwa mwisho hukaa juu. Jamani, tulijiona mafundi kwelikweli!

Basi mwezi wa Machi likaja tangazo la msaada wa karo. Siku ya mwisho ya kupeleka fomu ilikuwa tarehe 30. Tukalisoma, tukatulia. Wiki moja baadaye wenye tangazo wakalirekebisha, siku ya mwisho ikawa tarehe 20. Katika programu yetu tangazo lilibaki pale pale chini, na alama ya kuonyesha kwamba limekwisha somwa. Mama wa rafiki yangu mmoja, ambaye alikuwa amemwendea chifu mara mbili kutafuta muhuri, alifika na fomu tarehe 25. Akarudi nayo mkononi. Muhula wa pili rafiki yangu alichelewa kufika shuleni kwa wiki tatu.

Tulipoufungua ule mlisho, kumbe tarehe ya marekebisho ilikuwamo! Sisi ndio tulioitupa. Ulikuwa umeandikwa kwa mtindo uitwao Atom, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 2005. Katika Atom kila habari ina nafasi ya tarehe mbili, ya kutangazwa na ya kurekebishwa. Tena hiyo ya pili ndiyo ya lazima, ile ya kwanza mtu aweza kuiacha. Mtindo wa RSS 2.0 wa mwaka 2002 huipa kila habari tarehe ya kutangazwa tu, nayo si lazima. Sisi tulianza na RSS, tukadhani milisho yote ni ndugu wa tumbo moja.

Wenzangu wakarukia upande wa pili: "Basi tupange kwa tarehe ya marekebisho!" Tulijaribu siku nne tu. Habari ya mwaka uliotangulia, ati barabara imekatwa na mvua, ikapanda juu kabisa kwa kuwa mtu huko alisahihisha nukta. Mwalimu wa zamu nusura aahirishe safari ya timu ya voliboli. Kanuni za Atom zasema tarehe hiyo ibadilike pale mtangazaji anapoona mabadiliko yana maana. Lakini ni nani ajuaye maana ya mwenzake?

Rai yangu ni kwamba tarehe hizi zajibu maswali mawili tofauti. Mtu ana siku aliyozaliwa, na ana siku aliyonyolewa mara ya mwisho. Hakuna ahesabuye umri kwa kinyozi. Kwa hivyo habari ipangwe kwa siku ya kutangazwa, na isihame. Ikirekebishwa, programu ilinganishe maandishi ya kale na mapya. Ikiwa maneno yamebadilika, habari iwekwe pia katika kisanduku kidogo cha juu, pamoja na siku ya marekebisho, ile 30 ikiwa imepigwa mstari na 20 kando yake. Mama yule angeiona 20 hiyo kwa mbali.

Na milisho isiyo na tarehe je? Hapa tulichekwa. Programu yetu ilionyesha kwamba habari imetangazwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Tarakilishi huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za Greenwich, nasi Kenya tuko mbele kwa saa tatu. Isipopewa kitu, huhesabu sufuri. Afadhali tuandike wazi "tuliiona mara ya kwanza tarehe fulani" kuliko kumzushia mtangazaji siku asiyoitaja.

Wapo wanaosema kwamba kioo cha simu ni kidogo, tarehe mbili zitajazana. Hebu tupunguzeni picha, basi! Picha ya afisa akikata utepe yamsaidia nani?

Pendekezo langu nimekwisha mpa mwenyekiti wa chama cha tarakilishi, na kura itapigwa katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Rafiki yangu amesema atakuja, ijapokuwa si mwanachama.