Latvia: Kusema Kirusi si kosa

Tarehe 18 Februari 2012, raia wa Latvia walipiga kura ya maoni kuamua kama Kirusi kiwe lugha ya pili ya serikali. Karibu robo tatu ya waliopiga kura walikataa. Ila huko Daugavpils, mji wa kusini-mashariki, wengi walikubali. Na wakaaji wengi wanaosema Kirusi hawakupiga kura kabisa, kwa sababu nchi ilipopata tena uhuru mwaka 1991 hawakupewa uraia.

Woga wa Walatvia una sababu. Chini ya utawala wa Kisovieti, maelfu yao walipelekwa Siberia kwa nguvu, huku wafanyakazi wa jamhuri nyingine wakiletwa kwa wingi. Hesabu ya watu ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba Walatvia wamebaki kiasi cha nusu tu katika nchi yao. Lugha hiyo haina nchi nyingine ya kukimbilia. Ni haki ilindwe.

Lakini wanaosema Kirusi si kabila moja. Kati yao kuna Warusi, Waukraine, Wabelarusi na Wayahudi. Wamo hata Wakristo ambao mababu zao walikimbia mateso ya watawala wa Urusi tangu karne ya 17. Kuwaita wote watu wa Kremlin ni kuwaonea. Wakongomani wanalijua jambo hili: mtu wa Bukavu anayesema Kiswahili si Mtanzania.

Tangu Urusi ivamie Ukraine mwaka 2022, mambo yamezidi kuwa magumu. Mwaka 2023 shule zilianza kuhamia Kilatvia peke yake. Wakaaji wenye pasipoti ya Urusi, wengi wao wazee, walitakiwa kufanya mtihani wa Kilatvia ili waruhusiwe kubaki.

Mtoto afundishwe lugha ya taifa. Bila hiyo atakosa kazi kesho. Lakini bibi wa miaka 70 aliyezeekea Riga, ukimtisha kumfukuza hutamfundisha lugha, utamfundisha hofu. Na hofu hiyo ndiyo Moscow inayoitafuta, ipate kujidai mtetezi wake.

Latvia idai Kilatvia shuleni na ofisini, imwachie mtu Kirusi cha nyumbani kwake. Uaminifu kwa nchi hupimwa kwa matendo, si kwa lugha ambayo mama alimbembelezea mtoto wake.