Daftari la mauzo unalo, la pombe je?

Wadau, leo siongelei bei wala matangazo. Naongelea pombe, maana kuna wenzetu wana duka zuri mtandaoni lakini mtaji unaishia baa.

Hali yenyewe mnaijua. Pesa ya mteja imeingia kwenye simu saa 11 jioni, mzigo unatakiwa utoke kesho. Hakuna bosi, hakuna saa ya kuripoti kazini. Unasema ngoja nipate mbili tu. Asubuhi mteja kaandika "vipi mzigo wangu?" mara nne, na wewe ndio kwanza unaamka.

Ushauri wa mtaani ni "jikaze, acha." Kwa maoni yangu hautoshi. Ulevi uliomkaa mtu ni ugonjwa unaotambulika hospitalini, na tiba ipo. Mojawapo ni tiba ya mazungumzo ya kubadili mawazo na tabia, na siku hizi inatolewa hata kwa intaneti.

Haina maajabu. Kila siku unaandika umekunywa kiasi gani, saa ngapi, na nini kilitangulia: mteja kakataa mzigo, pesa imeingia, upweke. Ukishaona pombe inakujia wapi, unapanga mapema utafanya nini saa hiyo ikifika. Unajifunza kumkatalia rafiki bila kugombana. Unajifunza kuingoja hamu, maana hupanda halafu ikashuka. Mshauri anasoma ulichoandika na kukujibu.

Wapo watakaosema ulevi hautibiki kwa njia hiyo. Huko Stockholm, Sweden, watafiti waliwagawa watu 301 wenye tatizo hili: wengine walitibiwa kwa intaneti, wengine ana kwa ana. Matokeo yalitoka 2021. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yamepunguza kunywa, na wale wa intaneti hawakuachwa nyuma.

Kwetu sisi hii ina maana kubwa. Wengi hawaendi hospitali kwa aibu ya kuonekana, au kwa sababu ukifunga siku moja hakuna mauzo. Basi muulize daktari au mshauri nasaha kama anaweza kukufuatilia kwa simu. Simu hiyo hiyo inayokuuzia.

Ila angalizo: kama usipokunywa mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usiache ghafla peke yako. Unaweza kupata degedege, hata kufa. Anzia hospitali.

Wengine, leo jioni fungueni ukurasa mpya kwenye daftari la mauzo. Safu nne: saa, kiasi, sababu, shilingi ngapi. Jazeni wiki mbili bila kujidanganya, halafu nendeni nao kwa mshauri.

Na kama kuna mwenzako unamhofia, mtumie hii pembeni. Usimtaje hapa mbele za watu.