Pete ya Opinel yanitosha

Bwana mwandishi, makala yako nimeisoma kwa furaha, na katika mengi sina hitilafu nawe. Ila pale uliposema kwamba kisu cha kukunja kisichofunguka kwa kidole kimoja hakifai, hapo radhi nakutaka, kwani mimi hutumia Opinel, kisu cha wakulima wa Savoie huko Ufaransa, ambacho hufunguliwa kwa mikono miwili tangu Joseph Opinel alipokibuni mwaka 1890, na pete yake ya chuma, iliyoongezwa mwaka 1955, ukiizungusha shingoni mwa mpini hulizuia bapa lisije likajikunja juu ya vidole vyako. Kasi ya nini, na embe lenyewe halikimbii? Aibu zake nazijua: huku pwani unyevu huuvimbisha mpini wa mti hata bapa likakataa kutoka, na lile la chuma cha kaboni hushika kutu usipolifuta na kulipaka mafuta, tena ndimu hulitia weusi, walakini hunoleka upesi kwenye kinoo cha kawaida. Amma ndugu aliyetangulia hapo juu kusifu makali yenye meno nusu, namwuliza huyanoa kwa kitu gani, maana kinoo bapa hakiyafikii mabonde yake, na sehemu laini iliyobaki ni fupi mno kumenyea chungwa. Na kile kibanio cha kukishikiza kisu mfukoni kwangu ni udhia mtupu: huchana kitambaa cha kanzu. Anunuaye leo na achague makali yasiyo na meno, mpini wa kujaa kiganja, na kufuli aiaminiyo.