Joto Letu Halimo Katika Kamusi Yao

Mwaka jana nilipeleka mswada wa riwaya yangu kwa mchapishaji mmoja, jina lake tuliache. Baada ya miezi saba ukarudi. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa wino mwekundu: "Kila mahali joto kali, joto kali! Kiswahili ni maskini wa maneno ya hali ya hewa. Jifunze kwa Waingereza."

Niliumia, sifichi. Nikakaa nikahesabu: "joto kali" mara 31. Kwa hesabu, jamaa alikuwa na haki. Kwa hukumu amepotoka, na upotofu huo ndio unaoua maandishi yetu sisi vijana.

Maana ushauri wake nilishaufuata zamani! Kidato cha pili tulikaririshwa orodha: "scorching", "sweltering", "sultry", "muggy", "balmy", "torrid". Nikaimeza kama klorokwini. Nilipoanza riwaya, kila nikifika kwenye jua neno la Kiingereza lilitangulia kichwani, ndipo nikalitafutia mwenzake. "Scorching": kali. "Sweltering": kali. "Torrid": kali vilevile. Maskini neno "kali"! Ndilo la mbwa, ndilo la pilipili, ndilo la mwalimu mwenye fimbo. Nami nikalitwisha na jua zima la Tanga.

Sisemi maneno yao ni mabaya. Yana kwao. "Sweltering" asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kufa. "Balmy" limetokana na zeri, dawa ya kunukia ya kujipaka. Mwingereza ana haki ya kuliita joto zeri, kwani kwake ni mgeni wa miezi michache baada ya baridi ndefu. Shakespeare, katika soneti yake ya 18, anauliza kama amlinganishe mpenzi na siku ya kiangazi. Hebu mwambie binti wa Tanga kwamba anafanana na mchana wa Februari, uone kama hujarudi na kofi! Na mgeni huyo akizidi, hata wao huona kasheshe: tarehe 19 Julai 2022 kipimo cha Coningsby kilifika nyuzi 40.3, rekodi ya Uingereza, na safari nyingi za treni zikafutwa.

Na hiyo "summer" yenyewe! Mara ngapi nimesoma hadithi za vijana wenzangu zinazoanza na "Julai, kiangazi cha joto"? Julai ipi, bwana? Kwetu pwani Julai ni kipupwe, kusi inavuma, alfajiri unavuta shuka. Joto letu huja na kaskazi, Desemba hadi Machi. Mwandishi anayesahau pepo za kwao ili akumbuke majira ya London, anamwandikia nani?

Mswada uliporudi nilifunga kamusi, nikaanza kusikiliza watu. Bibi yangu hahitaji kivumishi hata kimoja. Alasiri ya Februari, upepo ukilala, hutoa mkeka barazani na kusema: "Leo fukuto, mjukuu wangu. Shwari, hata jani halitikisiki." Ukisikia fukuto umeelewa yote: unyevu wa bahari umejaa hewani, jasho halikauki, shati limeganda mgongoni. Jirani yetu, dereva wa lori la Dodoma, anasimulia joto jingine kabisa: hewa kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, midomo hupasuka, usiku ukiingia unapata nafuu. "Kule tunachomwa," anasema, "huku tunachemshwa." Basi! Kwa vitenzi viwili amemaliza orodha yote ya kidato cha pili.

Hapo ndipo nilipozinduka. Katika Kiswahili jua ni mtendaji: linapiga, linachoma, linaunguza. Na penye mtendaji pana mtendwa. Nani anapigwa? Kenya wanawaita "jua kali" mafundi wanaogonga mabati nje bila paa, na jina hilo limekuwa la sekta nzima. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini, hawakuwa wakitangaza hali ya hewa. Walikuwa wakitazama nani yuko juani na nani yuko kivulini.

Mimi je? Joto kali 31, na sikumtazama hata mara moja anayeunguzwa nalo! Kuli wangu kabeba gunia bandarini saa saba mchana, mimi nahangaika kulipamba jua lililo juu ya kichwa chake. Aibu hiyo ni yangu. Kiswahili hakihusiki.

Waandishi wenzangu, tuache kutafuta wenza wa maneno ya watu. Tuseme jua limefanya nini, na limemfanya nani.

Sura ya kwanza nimeichana yote. Sasa inaanza na gunia, shingo ya mtu, na chumvi ya jasho iliyokauka kwenye fulana. "Joto kali" halimo hata mara moja. Nilipomsomea bibi, hakungoja nimalize ukurasa. Alinikatiza: "Kwani huyo mtoto wa watu hapewi maji?"

Mwezi ujao naurudisha mswada kwa mchapishaji yuleyule. Wino wake mwekundu na auandae, safari hii namsubiri.