Kujitoa kwenye kazi si kutoroka

Mfanyabiashara anayevusha shehena ya mchele pale Songwe anajua tofauti kati ya mshirika anayesema mapema kwamba hataweza na yule anayezima simu. Wa kwanza atakuudhi siku mbili, kisha mtafanya biashara tena. Wa pili amekula mtaji wako. Kipimo hicho tukitumie pia kwa wanafunzi wa Dzaleka.

Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinatawala sokoni. Tangu 2010 vijana wake wamekuwa wakisoma masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao. Watafiti wanaofika kambini huwategemea kuuliza maswali, kutafsiri na kunakili mahojiano.

Sasa mitihani ikimbana kijana katikati ya kazi, au mzazi akiugua, afanye nini? Wengi hujilazimisha mpaka kazi inaharibika, au hutoweka. Weledi ni kutoa taarifa kwa maandishi, kutaja siku ya mwisho, kukabidhi fomu na sauti zilizorekodiwa, kurudisha malipo ya kazi ambayo haijafanyika, na kufuta nakala zilizobaki kwenye simu.

Hilo la mwisho ndilo zito. Gunia likipotea hulipwa. Mtu aliyeeleza kwa nini aliukimbia mji wake, halafu jina lake likazagaa mitaani, hakuna fidia itakayomrudishia usalama wake.

Lakini lawama isimwangukie kijana peke yake. Mtafiti anayekuja kwa wiki tatu, hatoi mkataba na hulipa anapojisikia, hana haki ya kudai weledi. Karatasi moja inatosha kueleza malipo, muda na namna ya kuacha kazi. Tena mkimbizi hana uhuru wote wa kwenda atakako: mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na maduka yao Lilongwe yakafungwa. Anaweza kushindwa kufika kazini kwa sababu asiyoiweza. Ndiyo maana taarifa ya mapema ina thamani kubwa zaidi kwake.

Wapo watakaosema anayeacha kazi njiani si mwaminifu. Ahadi ni deni, kweli. Lakini mdaiwa anayekuja kuzungumza kabla ya siku ya kulipa bado ni mwaminifu.

Ninyi mnaovuka mipaka mnahitaji vijana wanaojua Kifaransa, Kiswahili na Chichewa. Mnapotafuta msaidizi, pamoja na kuangalia vibali, msiulize tu kama alimaliza kazi yake ya mwisho. Ulizeni aliiachaje. Aliyekabidhi vizuri kazi aliyoiacha, mkabidhini daftari la duka.