Urembo Kabla ya Wakati

Msomaji, huenda ukanikasirikia kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu, kwa kuwa nataka kusema juu ya jambo linalofanywa katika nyumba nyingi, na ambalo pengine wewe mwenyewe ulifanyiwa zamani ulipokuwa huna kauli ya kulikataa. Nalisema bila kuzunguka. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 asitiwe dawa ya kunyoosha nywele, asichorwe piko mkononi, wala asipakwe mafuta ya kujichubua usoni. Aliyekwisha kutimiza umri huo na afanye apendavyo; sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi watu wazima, nami nimo katika hesabu hiyo, kama utakavyoona sasa hivi.

Miaka 12 iliyopita, katika mwezi wa Desemba, wifi yangu aliniomba nimpeleke binti yake saluni ili apendeze kwa sikukuu. Mtoto alikuwa na miaka 7. Saluni ilijaa wanawake na watoto, na msusi hakuwa na wakati wa maneno mengi. Aliniuliza mimi, "Atiwe dawa?" Nikajibu, "Atiwe." Mwenye kichwa hakuulizwa. Baada ya dakika chache aliniambia, "Shangazi, inachoma." Msusi akasema avumilie kidogo, kwani dawa bado haijashika. Mtoto akasema tena, na mara ya tatu akalia. Mimi, badala ya kumtoa katika kiti kile na kumwosha kichwa kwa maji mengi, nilimshika kichwa kwa mikono miwili ili asipeleke vidole penye dawa. Usiku ule mto wake ulilowa majimaji. Kulipopambazuka tuliona nyuma ya sikio la kushoto jeraha la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, ngozi imebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mwezi wa Januari alihamia shule mpya ambayo, kama shule nyingi za nchi hii, huwataka wasichana wawe na nywele fupi. Akanyolewa. Urembo ule uliishi wiki tano; kovu lipo mpaka leo.

Siisemi habari hii kumshitaki msusi. Yeye alifanya aliloagizwa. Naisema kwa sababu nimetafuta kwa miaka hii yote jibu la swali moja dogo, yaani siku ile tulikuwa tukimpamba nani, nami sioni kwamba tulikuwa tukimpamba mtoto. Yeye alitaka kwenda kucheza kamba.

Yafaa mwanafunzi ajue dawa hiyo hufanya nini, maana watu huitaja kama wanavyotaja mafuta ya nazi. Unywele hupata nguvu zake kutokana na protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo hushikamana kwa vifungo vya salfa. Dawa huvunja sehemu ya vifungo hivyo ili unywele ulegee na kunyooka. Kilichovunjika hakiungiki tena. Dawa iliyo kali zaidi hutumia sodiamu haidroksaidi, kitu kile kile kipikiwacho sabuni na kuzibuliwa mabomba ya maji machafu. Ile nyingine, ambayo boksi lake hupambwa kwa picha ya mtoto anayecheka, aghalabu hutumia kalsiamu haidroksaidi pamoja na guanidini. Yaitwa laini, walakini nayo ni alkali kali. Katika kipimo cha asidi na alkali, ambacho huanza na 0 kikaishia 14, ngozi ya mwanadamu iko karibu na 5, na dawa hizi ziko 12 au zaidi. Wewe unayesoma kemia wajua kwamba kila hatua ya kipimo hicho huzidisha mara kumi. Kutoka 5 hadi 12 ni hatua saba. Fanya hesabu mwenyewe, kisha ukumbuke kwamba ngozi ya kichwa cha mtoto nayo ina keratini, na dawa haina macho ya kutofautisha unywele na ngozi.

Tena jambo hili haliishi siku moja. Nywele mpya huota na mpindo wake wa asili, kwa hiyo dawa hurudiwa kila baada ya wiki sita au nane. Mtoto aliyeanza na miaka 7, akirudia kila miezi miwili, atakuwa amekalia kiti kile mara 66 kabla ya kufikia umri wa kupiga kura yake ya kwanza. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Wanawake ambao hawakutumia dawa za kunyoosha nywele katika mwaka uliotangulia uchunguzi, walikadiriwa kwamba kati ya kila 100, wapatao 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka huo, makadirio yalikuwa 4.05. Sitaki kukudanganya. Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha kwamba mambo mawili yafuatana, hauthibitishi kwamba moja limemzaa mwenziwe, na hatari yenyewe, hata ikiongezeka, bado ni ya wachache. Mtu mzima aweza kuzipima hesabu hizo akachagua. Mtoto wa miaka 7 atazipima kwa mizani gani?

Wako watakaonijibu kwa methali. Nilimsikia mama mmoja akisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, basi na nywele zizoezwe mapema. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya tabia, na ni ajabu kuiona ikifanyiwa kazi ya kusifu chupa ya dawa. Heshima huzoezwa, na kusoma huzoezwa. Unywele hauna tabia ya kuzoezwa.

Wengine hujibu kwa hoja iliyo nzito kuliko hiyo, nayo ni mila. Husema, mbona mabibi zetu waliwatoga masikio watoto wachanga? Mbona Wamasai walirefusha ndewe za masikio, na Wajaluo waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini? Hoja hii siipuuzi, wala sikusudii kuwapamba wazee kwa sifa wasizostahili. Sioni raha ya kung'olewa meno mazima. Lakini tazama jinsi mambo yale yalivyokuwa na kalenda. Meno hayakung'olewa mtoto wa miaka minne, yalingoja ujana. Katika pwani yetu, kusingwa kwa singo na kuchorwa hina tele miguuni na mikononi lilikuwa jambo la bibi arusi, na msichana alikuwa na somo wake wa kumfunza mwili wake na haya yake kabla ya kufunzwa mapambo. Kila pambo lilikuwa na mlango wake, na mlangoni palikaa mtu mzima. Sisi tumeng'oa milango yote. Dukani pesa huulizwa, umri hauulizwi. Anayetaja mila kuutetea mtindo huu huchukua kisu cha wazee akaiacha ala yake.

Na maadamu nimetaja hina, yafaa niitenge na piko, kwa sababu wengi huzichanganya. Hina ni majani ya mhina, yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni ya wekundu wa udongo, na mikono ya watoto imeichukua kila Idi kwa karne nyingi bila madhara makubwa. Hiyo sina neno nayo. Piko ni rangi nyeusi ya dukani iliyokusudiwa nywele, na weusi wake hutoka katika kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Hupendwa kwa sababu hushika upesi na hung'aa. Ngozi ya mtoto yaweza kuikataa siku kadhaa baada ya sikukuu, ikavimba na kutoa malengelenge yaliyofuata ua lile lile lililochorwa. Yakipona, huenda mwili ukawa umekwisha kuweka kisasi cha maisha: akiwa mtu mzima akatia rangi ya nywele yenye kemikali hiyo, uso wote waweza kufura. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, boksi la rangi hiyo ya nywele hulazimika kuandikwa kwamba halikusudiwi walio chini ya miaka 16. Boksi hilo hilo likifika kwetu hufunguliwa, na kilichomo huchorwa mkononi mwa mtoto wa miaka mitano.

Juu ya mafuta ya kujichubua sitakaa sana. Kenya ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na zebaki huharibu figo za mkubwa sembuse za mdogo. Mzazi anayempaka mtoto mafuta hayo humwambia, bila kufungua kinywa, kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni kosa.

Sasa nageukia umri. Utaniuliza, kwa nini 18, si 15? Wewe una miaka 15, na wajijua. Nakubali kwamba 18 si hesabu ya muujiza. Hakuna hekima inayoshuka usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa, na nimewaona watu wa miaka 40 wasio nayo. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010 yamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na huo ndio umri ambao jibu lako huwa jibu lako mwenyewe, wala hakuna wa kulijibu kwa niaba yako. Uingereza kwenyewe, sheria iliyoanza kutumika England tarehe 1 Oktoba 2021 ilikataza watoto wa chini ya miaka 18 kudungwa sindano za kunyoosha makunyanzi au kujaza midomo kwa ajili ya urembo tu, hata mzazi akiridhia. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Mzazi hana ruhusa ya kuitoa, kwa kuwa uso si wake. Tena katika jambo hili anayengoja hapotezi kitu. Shule ikikosekana miaka mitatu ni hasara. Chanjo ikikosekana ni hatari. Dawa ya nywele ikingojwa miaka mitatu, nywele zitakuwa palepale zinakungoja, tena zikiwa na nguvu.

Nawaonea huruma akina mama, na sitaki waonekane katika maneno haya kama maadui. Mama anayerudi kazini saa moja ya usiku, ana watoto watatu wenye nywele za kuchanwa, mmoja analia na mwingine amekimbilia uvunguni, hahitaji hotuba yangu. Anahitaji mkono wa pili. Nywele huchanika zikiwa na maji na mafuta, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda shinani. Kazi hiyo mvulana wa kidato cha pili aweza kuifanya sawasawa na dada yake, nami sijui ni nani aliyewaambia wavulana kwamba mikono yao haikuumbiwa chanuo. Na ukimsuka mdogo wako usivute sana. Mistari inayomkaza mtoto macho kama aliyeshtuka huua nywele za pembezoni mwa paji la uso, nazo zikivutwa miaka mingi huenda zisirudi. Hilo nalo ni kosa, ingawa hapana dawa iliyotiwa.

Lakini hoja iliyo na nguvu kuliko zote haitoki kwa akina mama, yatoka kwenu. Wifi yangu alipoulizwa kwa nini alitaka dawa kwa mtoto wa miaka 7, alisema, "Wenzake watamcheka." Alisema kweli. Katika shule ile palikuwa na msichana aliyeitwa kwa jina la kitu cha kusugulia masufuria, nalo jina hilo halikutungwa na mwalimu wala mzazi. Lilitungwa na wanafunzi, likapitishwa na wanafunzi, na kila jioni mama mmoja alilipishwa kodi yake. Bunge la sheria hiyo hukutana katika uwanja wa shule yako wakati wa mapumziko, na wewe u mmoja wa wabunge wake. Hata ukikaa kimya umepiga kura.

Binti yule sasa ana miaka 19, yuko chuoni. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia ameamua kunyoosha nywele zake, na kwamba anataka niende naye. Nilimwambia kwamba mimi nisingefanya hivyo. Akacheka, akasema anajua. Saluni alilitwaa boksi, akasoma maandishi yote ya ubavuni, akamwomba msusi ampake mafuta ya kukinga kwanza nyuma ya sikio la kushoto, kisha akauliza dawa ingekaa dakika ngapi, akaitazama saa yake. Mimi nilikaa benchini nikamshikia mkoba.