Dada wa Watu Kasingiziwa: Tatizo la Shoo ya Kalinzi Lilikuwa Miguuni kwa Mpiga Gitaa

Wiki hii Kigoma mjadala ni mmoja tu: yule dada wa bendi aliyeimba kwenye harusi kule Kalinzi. Klipu imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, na hukumu imeshatoka. Sauti hana, kachoka, arudishwe yule wa zamani. Inasemekana hata uongozi wa bendi umeanza kumtafutia mbadala.

Sasa jamani, klipu isikilizwe tena, ila kwa spika ya maana, siyo simu. Wimbo unaanza gitaa likiwa na toni yake ya kawaida, dada anasikika neno kwa neno, anateleza na rhumba vizuri tu. Halafu jamaa wa solo anakanyaga pedo, gitaa linageuka kinanda cha kanisani, na dada anapotea. Mdomo unacheza, sauti hakuna. Ubeti wa pili anaanza kupiga kelele ili angalau ajisikie mwenyewe. Kufika sebene, koo limekwisha. Huyo ndiye anayeambiwa hajui kuimba?

Jamaa anatumia sintesaiza ya gitaa. Duniani siyo kitu kipya, kampuni ya Roland ya Japani ilitoa ya kwanza yake mwaka 1977, lakini kwa bendi za harusi bado ni kitu cha kupigia picha. Kifaa kinasoma kila uzi peke yake, kisha kinatoa violini, tarumbeta, filimbi, chochote. Raha sana, hasa kwa bendi isiyo na hela ya mpiga kinanda. Ila kila toni inakuja na ukali wake kutoka kiwandani, na kuzilinganisha ni kazi ya mwenye gitaa.

Wengi wanapanga toni usiku chumbani, hedifoni masikioni, sauti ndogo. Mtego uko hapo. Sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu halishiki besi vizuri, Fletcher na Munson walishalionyesha hilo Marekani tangu 1933. Kwa hiyo mtu anaongeza besi mpaka toni ishibe, anaenda kuifungulia uwanjani kwenye spika kubwa, besi inafumuka. Tarumbeta nazo zina kesi yao: sikio ni kali zaidi kati ya hezi 2000 na 5000 hivi, na hapo hapo ndipo maneno ya mwimbaji yanapopata uwazi wake. Toni ikijaa pale, watu wanasikia irabu tu.

Na taa za mikisa zisimdanganye mtu. Gitaa la kawaida linapigwa na kufifia, kinanda cha kanisani kinaendelea tu kuunguruma. Taa zinaweza kufika pale pale, sikio likasikia kimoja kikubwa kuliko kingine.

Wengine wanamtupia lawama fundi mitambo. Kaonewa naye. Gitaa lote linaingia kwenye mkono mmoja wa mikisa. Akikishusha kinanda, toni ya kawaida inayofuata haisikiki, jamaa anaona amebanwa, anaongeza kwake. Vita usiku kucha.

Dawa yake haifiki hata saa moja, ila ifanywe mchana, kwenye spika zile zile za shoo, ngoma na besi zikiwepo. Kwanza nyuzi sita zilingane kwenye sensa, maana uzi mmoja ukiwa mkali toni zote zinaharibika. Kisha toni ya kawaida iwe kipimo: dada aimbe, fundi apange mpaka maneno yasikike, na baada ya hapo volyumu kuu isiguswe. Mpiga gitaa arudie kipande kile kile kwa nguvu ile ile, toni moja baada ya nyingine, huku mtu mwenye masikio kasimama watakapokaa wageni. Inayozidi ishushwe ndani ya toni yenyewe na kuhifadhiwa. Ya solo iruhusiwe kuzidi kidogo, desibeli 3 zinatosha. Ukiongeza 10, msikilizaji anaona sauti imekuwa mara mbili.

Wapo wanaosema dada angeomba aongezewe monita. Aliomba! Kwenye klipu anamwonyesha fundi kidole juu mara tatu, na mara zote tatu jamaa yuko kwenye kinanda chake, macho kafumba.

Kalinzi ni nchi ya kahawa. Wakulima wakishalipwa, harusi zinafuatana, na bendi iliyoboa moja habari zake zinashuka barabara ya Manyovu mpaka Mwandiga kabla vyombo havijafungwa. Ndiyo maana uongozi una haraka ya kumpata wa kumtwisha mzigo. Mwimbaji mpya anatafutwa kwa ajili ya shoo ijayo, na pedo atakayoimba nayo ni ile ile.